Nilivyowaita Watu wa Bofu kwa Mbiu Waje Wasikie Habari za Hiari

Jamani, ziko aibu ambazo mtu huzikwa nazo, na hii yangu nilikwisha kuazimia kuzikwa nayo, lakini juzi kwenye arusi ya mpwa wangu mtu mmoja akaisimulia mbele yangu na akaikosea yote (alisema mbuzi walikuwa watatu, ilhali mimi niliyekuwapo niliona kundi zima, na bibi kizee wa kitandani akamsahau kabisa, kana kwamba hakuwa yeye aliyenivunja mgongo), basi nimeona afadhali niiseme kwa kinywa changu, ili kama ni kuchekwa nichekwe kwa haki.

Mimi ni Rashidi wa Bofu, hapa Likoni, na ni msomi wa shule ya usiku. Shule yenyewe ilikuwa ndani ya ghala la mbata, taa moja ya karabai ikining'inia, sisi wanafunzi tumekaa juu ya magunia ya nazi kavu, na mpaka hivi leo nikisema Kiingereza mwenye pua nzuri atasikia harufu ya nazi. Nilimaliza nikiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Athmani.

Athmani huyu tulikua naye mtaa mmoja, tukaingia jando siku moja (hapo pia yeye hakulia), tukasoma pamoja, kisha yeye akapata ukarani wa forodhani bandarini na mimi nikapata ukarani wa stoo, ambao si kazi mbaya, ila hakuna mtu aliyewahi kushuka melini akauliza njia ya stoo. Ni mtu mwembamba, wa maneno machache, mwenye tabia ya kuudhi sana ya kutojisifu. Nilimpenda kama ndugu na nilimwonea wivu kama ndugu, maana wivu wa mtu wa mbali hauna ladha.

Sasa mwaka ule ulikuwa wa mwisho mwisho kabla ya bendera kubadilishwa, na kila barza ilikuwa na siasa yake, hawa wanataka mwambao ujitenge, hawa wanataka Kenya moja, ndugu hawasalimiani, watu wanasusiana kahawa, na katikati ya joto hilo akashuka melini bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima wa nywele nyeupe, kofia ya ukindu kichwani, viatu vya kiume miguuni, na makasha ya vitabu yaliyowachosha mahamali wanne. Athmani ndiye aliyekuwa zamu forodhani. Akamuuliza, "Hivi vitabu ni vya dini, Bibi?" Naye akamjibu, "La, mwanangu. Ni vya kumwacha mtu na maisha yake."

Kazi ya bibi yule katika dunia hii ilikuwa ni hiyo tu: kuzunguka nchi kwa nchi akihutubia na kugawa vitabu, akifundisha kwamba mtu ni mali ya nafsi yake, jasho lake ni lake, na hakuna mfalme wala serikali, wala hata watu walio wengi, mwenye haki ya kumlazimisha mtu asiyemdhuru mwenziwe. Alikwisha kuyasema hayo Misri, Kolombo na Ajentina (mimi nilipowasimulia watu niliongeza Uchina na kisiwa kimoja cha barafu ambacho sikijui jina). Likoni tukambandika jina Bi Safari. Alipoulizwa barzani bendera ipi iliyo bora, alijibu, "Ile itakayowaacha mlale usingizi." Watu wa mwambao wakapiga makofi, watu wa Kenya moja nao wakapiga makofi, na jioni ile kahawa ikanywewa pamoja kwa mara ya kwanza tangu mwezi mtukufu.

Athmani alipewa kitabu chake siku ile ile ya forodhani. Mimi nikakiazima, nikakisoma mara mbili kwa pupa, si kwa sababu ya utamu wake (ijapokuwa kilikuwa kitamu, nilikuta mle mambo niliyokuwa nikiyahisi maisha yangu yote bila kuyajulia maneno), bali nikikutana na Athmani nimtangulie kurasa. Hapo ndipo ulipoanza moshi.

Moto wenyewe uliwaka Bi Safari alipotangaza kwamba anataka mtu mmoja wa kufuatana naye. Safari yake ilikuwa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, halafu meli mpaka Bombay kukutana na watu wa fikra zake, na alihitaji mkalimani ambaye ameyaelewa mambo, si kuyatamka tu. Nafasi moja. Akasema Athmani atamwandalia hotuba Changamwe, mimi nimwandalie Likoni, na baada ya hapo ataamua. Wallahi siku tatu sikula vizuri. Nilikwisha kujiona Bombay, nimevaa koti, nimesimama mbele ya Wahindi elfu, nao wanaulizana, "Huyu katoka chuo gani?"

Hotuba ya Changamwe ilifanywa katika ukumbi wa wafanyakazi, watu wa reli na wa bandari wakajaa kiasi cha haja. Athmani alikalimani kwa sauti ile yake ya kumwambia mtu siri. Bi Safari akatoa mfano wa mama muuza mahamri na mbaazi, anayefukuzwa barabarani kwa kuwa hana leseni: kamkosea nani? Mwenye njaa amekula, mama amepata chake, yuwapi aliyedhurika? Ukumbi ukaruka. Kisha akauliza swali ambalo, nilikuja kujua, huliuliza kila nchi: "Yuko hapa hata mmoja aliyelazimishwa kuja?" Watu wakapaza sauti, "Hakunaaa!" Naye akasema, "Basi huo ndio mwanzo wa uhuru," na makofi yakapigwa mpaka vumbi likashuka darini.

Mke wangu Mwanasiti alikwenda na wenziwe kusikiliza, akarudi na uso unang'aa.

"Athmani asema vizuri," akaniambia akivua buibui. "Hata akinyamaza, wataka kuendelea kumsikiliza."

"Na mimi?"

"Wewe wasema, bwanangu." Akafikiri kidogo. "Wasema sana."

Neno lile lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Nikaanza kupiga hesabu ya watu. Likoni ni shamba, wazee wa Bofu alasiri wako kwenye minazi yao au wamelala, wavuvi wako Shelly Beach, vijana wako mpirani. Nikitegemea maneno ya mdomo, nitapata wazee kumi, tena mmoja wao kiziwi. Na Athmani alijaza ukumbi! Ndipo Ijumaa, tulipotoka msikitini, nikamwona Kombo mpiga mbiu akitafuta makubadhi yake, na shetani hakuwa mbali.

Inabidi niwaeleze ninyi vijana. Siku zile mbiu haikupigwa ovyo. Ilikuwa pembe ya nyati, na ikilia ni amri ya Mudir, mkubwa wa serikali wa huku kwetu, iliyopitia kwa mzee wa mtaa: mara ya mwisho ililia watu watoke na majembe kufyeka vichaka na kufukia madimbwi, kabla ya hapo ililia watoto wapelekwe chanjo, kabla ya hapo ililia mifugo ihesabiwe. Ikilia, huendi kwa kupenda. Unakwenda.

"Kombo," nikamwambia, "Jumapili alasiri nina jambo uwanja wa mpira. Nipigie mbiu kidogo."

"Mbiu haina kidogo, Rashidi. Mudir ajua?"

"Jambo lenyewe ni kubwa kuliko Mudir."

Kombo akasimama na kubadhi moja mguuni. "Kubwa kuliko Mudir? La Liwali?"

"Panda juu."

"La Gavana?"

"Ni jambo la dunia nzima, Kombo," nikasema, na wallahi hapo sikusema uongo hata chembe.

Akavaa kubadhi la pili kwa heshima, kama mtu anayejiandaa kuingia kwa sultani, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi niko nyumbani nakunywa chai nikaisikia. Ilianza mbali, Mtongwe, ikaja Bofu, ikashuka kuelekea pwani, na kila ikinyamaza sauti ya Kombo ilifuata: "Jumapili alasiri uwanjani Bofu! Mkubwa na mdogo, mzima na mgonjwa! Aliyesikia amwambie asiyesikia, na atakayekosa asimlaumu mtu!" Nilimwambia aseme hivyo? Sikumwambia. Lakini Kombo alikuwa na maneno hayo tu, aliyarithi kwa baba yake pamoja na pembe.

Mwanasiti akatoka jikoni ameshika upawa. "Kuna amri gani tena?"

"Hakuna amri. Ni hotuba yangu."

Akakaa kitako juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Rashidi. Umewapigishia watu mbiu? Kwa mambo yenu yale ya hiari?"

Hapo, ndugu zangu, ningaliweza kunyanyuka, nikamfuata Kombo, yakaisha. Lakini mbele ya macho yangu sikuona Bofu wala Mtongwe, niliona uso wa Athmani atakapouona uwanja umejaa, nikamwambia mke wangu amimine chai nyengine.

Jumapili tulimfuata Bi Safari pale Shelly Beach alikofikia, mimi mbele, Athmani nyuma na kasha la vitabu begani. Tulipokata kona ya uwanja nikasimama. Niliona vichwa mpaka baharini. (Haya, si mpaka baharini, lakini magoli hayakuonekana.) Bi Safari akashika kifua, macho yakamlenga machozi, akasema, "Rashidi, miaka yote hii sijapata kuona kitu kama hiki." Nikamgeukia Athmani kuuona ule uso nilioulipia. Athmani hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiyatazama majembe.

Maana watu walikuja na majembe. Wanaume wa mashambani wamesimama safu safu, jembe na panga, wanangoja kuonyeshwa kichaka. Kina mama wameleta watoto wachanga, mkono mmoja wa kila mtoto uko wazi tayari kwa sindano. Wenye mbuzi wameleta mbuzi wahesabiwe. Wazee wameshika stakabadhi zao za kodi. Bwana arusi mmoja, siku ya tatu tu ya fungate, ambaye kwa ada zetu hatoki nje mpaka siku saba zitimie, kasimama katikati ya uwanja na hina mikononi, ananukia udi mpaka mbuzi wanapiga chafya, na baba mkwe wake kando yake kanuna kama wingu la masika. Na katikati kabisa, chini ya mwavuli, kimewekwa kitanda cha kamba, juu yake amelala Bi Mwanajuma, bibi kizee ambaye hajatoka nje ya nyumba yake tangu magoti yamkatae. Wajukuu zake walimbeba. Si ilisemwa mzima na mgonjwa?

Bi Safari akapanda juu ya meza tuliyoiazima madrasa, mimi nikasimama kuliani kwake, nikakohoa kisomi.

"Nimezunguka dunia," akaanza, "sijaona mahali ambapo watu wengi hivi wameacha raha zao, kwa hiari yao, waje kusikiliza habari ya hiari."

Nikaitafsiri nikaipamba. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alihamisha jembe kutoka bega hili kwenda lile.

Akaendelea na mama wa mahamri, mfano uliovunja ukumbi Changamwe. Mama mmoja wa mbele akaninong'oneza kwa sauti inayosikika Ukunda, "Mwanangu, daktari yuwapi? Mtoto ashalala na mkono u wazi."

"Asema nini?" akauliza Bi Safari.

"Anakusifu."

Mzee mmoja akanyanyua stakabadhi yake. "Mimi nimelipa, bwana. Niandike niende zangu."

"Na huyu?"

"Huyu anataka kitabu."

Bi Safari, moyo wake ulivyo mweupe, akainama akampa mzee kitabu. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza juu chini, akaniuliza, "Nimeshtakiwa kwa kosa gani?"

Nikawa natoka jasho mpaka kanzu inanishika mgongoni. Nikajua swali lile liko njiani linakuja, nami ningaliweza kulibadilisha, ningaliweza kuwauliza watu kama wamekula, nao wangalijibu chochote. Lakini Athmani alikuwa amesimama hatua chache kutoka mezani, naye analijua swali neno kwa neno, na mimi nife kabla Athmani hajasema Rashidi hajui kukalimani. Likaja. Nikalitafsiri barabara, kwa sauti kubwa, bila kuacha hata irabu:

"Yuko hapa hata mmoja aliyelazimishwa kuja?"

Mikono ikapanda. Uwanja mzima. Mkono wenye jembe, mkono wenye stakabadhi, mikono miwili ya bwana arusi yenye hina, na kule kitandani, polepole, mkono mwembamba wa Bi Mwanajuma.

Bi Safari akaniangalia. "Ni salamu?"

"Ndiyo, Bibi," nikasema. "Ndiyo salamu ya Bofu."

Naye, maskini wa Mungu, akatabasamu akainua mkono wake juu akawajibu. Nikamwona Athmani amevua kofia yake amejifunika nayo uso.

Baba mkwe wa bwana arusi, aliyekijua Kiingereza kidogo, hakuweza tena. "Rashidi! Salamu ya nyumbani kwenu hiyo! Mkwe wangu yumo fungateni, mumemtoa kadamnasi, nami nitawaambia nini wazee wa upande wa pili? Iko wapi kazi yenyewe ifanywe, mwanamume arudi ndani!"

"Naam, kazi iko wapi?" wakapokea wenye majembe.

Na kama kwamba hayo hayatoshi, akatokea mzee wa mtaa, Mzee Bakari, juu ya baiskeli, kofia imekwenda upande, anahema. "Mudir auliza, nani aliyepigisha mbiu?"

Kombo hakunyosha kidole. Alininyoshea pembe yenyewe. "Ni huyu, bwana. Kanambia ni jambo la juu kuliko Gavana. La dunia nzima."

Watu wote wakageuka wakanitazama. Nimewahi kutaka kutazamwa na watu wengi kiasi kile. Niliota usiku na mchana kutazamwa na watu wengi kiasi kile.

Bi Safari akashuka mezani. Hakuniuliza mimi. "Athmani," akasema, "hebu niambie wewe."

Athmani alinitazama kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Akamweleza. Nilimfuata midomo neno kwa neno, nikitafuta hata moja la kunitilia chumvi nipate kumchukia kwa haki, hakulitia. Tena akapunguza. Alisema, "Rashidi alipenda watu wengi wakusikie."

Yule bibi akamwambia Athmani awatangazie watu kwamba hakuna amri, hakuna kichaka, hakuna sindano, anayetaka kwenda aende na asamehe. Athmani akasema hayo kwa maneno machache, wala hakupaza sauti.

Nimekulia pwani, nimeona maji yakikupwa miaka yote, lakini hayajapata kukupwa vile. Bwana arusi aliondoka mbio kanzu ameikunja mkononi. Mbuzi wakatoka, watoto wakatoka, majembe yakatoka, na vumbi lilipotua wamebaki wazee watano sita wa barzani, mama muuza mahamri wa kivukoni ambaye kumbe alikuwa akisikiliza muda wote, na kitanda.

"Wajukuu zangu wawapi?" akauliza Bi Mwanajuma.

"Wamekwenda mpirani, bibi," nikamjibu.

"Nani kawapa ruhusa?"

Nikamtazama Bi Safari.

Basi hotuba ikafanywa kwa hao waliosalia, Bi Safari amekaa kwenye ncha ya kitanda, Athmani amechuchumaa anakalimani, na mimi namfukuzia Bi Mwanajuma nzi kwa kitabu. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko ya Changamwe, nasema ingawa inaniuma. Mama wa mahamri akauliza, "Na mtu asiyenishika mkono, lakini kanidanganya mpaka nikaenda nisikotaka, huyo mumemweka wapi?"

Bi Safari hakunitazama alipojibu. "Huyo pia amekuibia hiari yako. Ila ametumia njia ya uani."

Nikaendelea kupunga nzi.

Ilipokwisha, Bi Mwanajuma akaniita. "Wewe uliyenita, njoo uninyanyue."

Ndivyo tulivyopita Bofu nzima, jua bado lipo, hakuna mlango uliofungwa: Athmani mbele, mimi nyuma, Bi Mwanajuma juu, na Bi Safari kando ameshika mwavuli. Wanawake wamejaa vibarazani. "Rashidi eee! Mbiu imekwisha, leo wachukua abiria?" "Jambo la dunia nzima, kumbe ni hilo?" Mwanasiti alikuwa mmoja wa waliosimama, alivuta buibui usoni, mabega yanamtikisika.

"Polepole," akasema Bi Mwanajuma. "Mimi si gunia la mbata. Huyu wa mbele achukua vizuri. Wa nyuma anitikisa."

Hata katika kubeba kitanda, jamani! Hata katika kubeba kitanda nikawa wa pili.

Tulipomfikisha, Athmani akaingia ndani kumweka sawa, nami nikabaki ukumbini na Bi Safari. Nikaanza kujitetea, nilikuwa nimeandaa Kiingereza kirefu. Akanikatiza kwa upole.

"Rashidi, nijibu moja tu. Ulitaka kwenda na mimi, au ulitaka Athmani asiende?"

Nikafungua mdomo. Mimi, msomi, niliyesoma kile kitabu mara mbili, mwenye maneno mpaka mke wangu kayalalamikia, nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Yule bibi alinisubiri. Alinisubiri kuliko inavyohitaji adabu, alitaka kweli nijibu, nami najua laiti ningalisema neno moja la kweli, hata lile baya, pengine angalinichukua mimi. Kisha akanigusa bega, Athmani akatoka ndani, na nafasi ikawa ya Athmani. Naye unajua alisemaje? Alisema, "Lakini Rashidi asoma kuliko mimi, Bibi." Ningalipendelea anizabe kofi.

Mudir alinipa adhabu iliyonistahili: nende nyumba kwa nyumba, kutoka Bofu hadi Mtongwe, nikiomba radhi kwa miguu yangu. Wengi walicheka wakanipa maji. Yule mzee alinirudishia kitabu amekifunga kitambaa, akashukuru Mungu kesi imekwisha. Kwa baba mkwe wa bwana arusi nilikaa kizingitini muda mrefu kabla ya kuambiwa karibu, na radhi niliipata siku nyengine, si ile.

Siku ya safari nilikwenda kituo cha magari ya Tanga, nikajificha nyuma ya kibanda cha kahawa ili nisiagane nao. Athmani akaniona tu. Akaja, akanikumbatia, akasema, "Nenda ukawasomee wazee barzani vitabu vilivyobaki. Mimi sijui kuchekesha watu, wewe wajua." Nikamwambia, "Inshallah." Basi likatiwa moto, Bi Safari akapunga kofia yake ya ukindu dirishani, likapanda kilima likapotea, na hapo hapo, na vumbi lake lingali mdomoni mwangu, jibu likanijia lenyewe, bila kulitafuta: nilitaka kwenda. Nilitaka kuiona Unguja na Bombay, nilitaka kusimama kando ya yule bibi nikiwaambia watu nisiowajua kwamba wao ni mali ya nafsi zao. Nilikuwa nikiyaamini yale mambo! Ila muda wote ule nilikuwa nimemtazama Athmani, sikupata nafasi ya kujitazama nilichokitaka.

Vitabu niliwasomea wazee, na mpaka leo nawasomea watu, nawaalika kwa kubisha hodi, na anayesema haji namwambia haya, salama. Wivu sikuuacha, sitawadanganya, bado Athmani akisifiwa chai hunipalia. Lakini nimekula kiapo, na nimekishika: nikitaka kitu nitakitaja kwa jina lake, mbele ya mwenyewe, gari lingali limesimama.